Chupa Mbili za Ukuta Mmoja

"Mwizi ni mwizi tu, hata akiiba dawa."

Aliyesema hivyo ni Mshonaji, na hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita: katikati ya ua, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeinua kichupa cha kahawia juu ya kichwa mpaka kila mpangaji akakiona.

Msusi alikuwa mlangoni kwake, kitana kimechomekwa nyweleni, vidole vinang'aa mafuta. Mteja wake, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama aliyeshikwa na umeme, hakukimbia. Alisogeza kigoda apate kuona vizuri.

"Nimeiba nini kwako?" Msusi aliuliza. "Sema mbele ya watu, maana umezoea kusemea dirishani."

"Umeiba dawa ya mwanangu. Nikienda kuchukua vitambaa, unaingia kwangu, unavuta dawa kwenye chupa yangu, unampa wako. Kisha unajazia mafuta ya kupikia nisijue. Kataa."

Fundi Redio alizima redio aliyokuwa akiitengeneza, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya msiba wa mjomba wake. Bibi Mwenye Nyumba akatoka chumbani na kiatu kimoja mguuni. Watu wote wakamgeukia Msusi wakingoja amwage kapu lake, kwani ni mtu ambaye ukimpa neno moja anakurudishia kumi na chenji.

Msusi akainamisha kichwa.

"Nilikuwa naona wako anapona," alisema. "Wangu anaanguka. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mguno ukapita uani kama upepo kwenye mabati. Mwizi amekiri mwenyewe, bila kushurutishwa, tena mchana kweupe.

Mtu mmoja tu hakuguna. Aliketi kwenye benchi la ukutani, mkoba wa ngozi mapajani, akiwatazama wale wanawake wawili kwa zamu kama mtu anayetazama mizani. Huyo ni Sista wa Utafiti.

Kwa aliyechelewa akaingia leo, habari ni fupi. Msusi na Mshonaji ni majirani wa ukuta mmoja, na kila mmoja ana mtoto mwenye kifafa. Wa Mshonaji anaitwa Bondia, kwa sababu mama yake alimshonea kofia nene ya sponji asipasuke kichwa akianguka. Ukimwona kwa mbali utadhani anakwenda ulingoni. Wa Msusi anaitwa Kijino. Jino lake la mbele lilibaki kwenye ngazi ya bomba la maji siku alipoanguka vibaya, na lile lililosalia pembeni ndilo analochekea. Watoto wote wawili wamo kwenye utafiti wa hospitali, na Sista ndiye anayewaletea chupa na kuchukua damu.

Bibi Mwenye Nyumba alivaa kiatu cha pili, akasogea mpaka kwenye benchi. Alitaka kujua ni dawa gani hiyo ya kugombaniwa kama mume.

Sista alisita. Alikuwa amezoea kuyasema hayo ndani, mlango umefungwa, kwa wazazi waliotia sahihi. Lakini alitazama macho ya ua mzima yakimtazama, akaona akificha ndipo watakapotunga la kwao.

"Ni mafuta yaliyotolewa kwenye bangi," alisema.

Hapo kigoda cha mteja kilipiga kelele.

Bibi Mwenye Nyumba alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Bahati benchi lilikuwepo. Akasema miaka yote anafukuza vijana wanaovuta nyuma ya choo, kumbe vyumbani wananyweshwa watoto kwa kijiko. Mpangaji wa chumba cha mwisho akakumbuka kwamba aliwahi kumwona Bondia akicheka peke yake. Fundi Redio yeye alitaka tu kujua kama wanaandikisha na wagonjwa wa mgongo.

Sista aliwaeleza taratibu. Kwanza si kijiko, ni bomba dogo la kupimia, kama la sindano lakini halina ncha. Pili, mmea ule una vitu vingi ndani yake. Kimoja ndicho kinachompandisha mtu kichwani, na hicho wamekiondoa. Kinachochunguzwa ni kingine, kisicholevya, kilichoonekana kupunguza kuanguka kwa baadhi ya watoto wenye vifafa sugu. Kwa watoto kama hawa bado hawajui kinasaidia kiasi gani, na ndiyo sababu ya utafiti. Nusu ya watoto wanapewa mafuta yenye dawa. Nusu wanapewa mafuta matupu, rangi ileile, ladha ileile. Nani kapata nini, mzazi hajui, Sista hajui, daktari hajui. Wanaojua ni watunza namba, nao wako mbali na hawamjui mtoto hata mmoja.

Fundi Redio akauliza kwa nini wajifiche wenyewe kwa wenyewe.

"Kwa sababu tukijua," Sista alisema, "macho yetu yataona tunachotaka yaone."

Bibi Mwenye Nyumba hakuelewa hata nusu. Alichoelewa ni neno moja, na lilimtosha. Alikwenda mpaka kwenye lango, akalifunga kwa kufuli, akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake, kisha akavuta stuli akaikalia palepale. Alitangaza kwamba hatoki mtu wala haitoki chupa mpaka aje mkubwa wa huo utafiti, amwone kwa macho yake, aseme kwa mdomo wake kwamba nyumba hii si pango la wavutaji. Polisi wakija leo, alisema, wakute mashahidi wote wako ndani.

Mteja mwenye nusu kichwa akalalamika kwamba ana harusi. Akaambiwa harusi ni ya mwenzake, atulie.

Sasa, wasomaji wangu mliokuwa mkimlaani Msusi tangu wiki iliyopita, vuteni pumzi.

Hakuna aliyeiba.

Ugomvi ule ulikuwa wa kupanga. Waliufanyia mazoezi asubuhi hiyohiyo jikoni, sauti chini, wakipokezana kumenya vitunguu ili wakitoka macho yawe mekundu. Neno la "umezoea kusemea dirishani" Msusi alilitunga mwenyewe, na mwenzake alilicheka mpaka akashika ukuta.

Chanzo chake ni huruma. Siku walipoandikishwa, daktari aliwaeleza habari ya mafuta yenye dawa na mafuta matupu, nao wakaitikia kwa adabu na kutia sahihi. Walipofika uani Mshonaji akauliza, je, wakipewa mmoja dawa na mwingine maji ya kunawa? Wao wanaogawana chumvi, pasi, mkaa na ukuta, mmoja amwone wa mwenzake anapona huku wake anaumia ulimi?

Basi wakachukua jagi, wakalisugua, wakamimina chupa zote mbili humo, wakakoroga, wakagawana nusu kwa nusu. Kila Sista akileta chupa mpya, jagi linatoka. Hawakuona kama ni kosa. Katika ua ule kosa ni kula peke yako.

Na watoto walipata nafuu, wote wawili. Bondia alianza kuivua kofia ndani ya nyumba. Kijino alikwenda bombani na kurudi na kikopo chake, mama yake akimfuata nyuma huku akijifanya anatafuta kitu.

Kisha asubuhi ya siku hiyo ya ugomvi Sista akaja na sura iliyokunjamana. Damu za watoto wote wawili, alisema, zimekutwa na dawa, na watunza namba wameleta neno kwamba mmoja wao hakutakiwa kuwa nayo. Ni yupi, hawakumwambia. Aliwapa muda wafikiri, akaenda nyumba nyingine, akaahidi kurudi kabla ya saa sita.

Wakakimbilia jikoni. Mshonaji aliona wakisema wamechanganya, watoto wote wanatolewa. Lazima liwe kosa la mmoja, tena dogo, la kibinadamu. Na Msusi, kwa moyo wake ule usio na breki, akajitolea kuwa mwizi.

"Wewe unashona sare za watoto wa watu," alimwambia. "Jina lako ndilo mtaji wako. Mimi wananisema hata nikilala."

Walihesabu kwamba mwizi atakemewa, ataomba radhi, atalia kidogo, na jioni maisha yataendelea. Hayo ndiyo mahesabu yao.

Sasa turudi uani, lango likiwa limefungwa na Bibi akiwa juu ya stuli.

Sista alisimama. Alitoa simu, akazungumza na daktari akiwa amegeukia ukuta, akaitikia sana. Alipomaliza, aliichukua chupa aliyokuwa nayo Mshonaji, akaingia kwa Msusi akachukua na ya kule, akazitia zote mbili kwenye mfuko wa plastiki, akaubana, akauweka mkobani. Zinakwenda kupimwa, alisema, na majibu yatachukua siku kadhaa. Kisha akatoa chupa mpya yenye namba ya Bondia, kizibo hakijafunguliwa, akamkabidhi Mshonaji.

Kwa Msusi hakutoa kitu.

"Mwanao anatoka kwenye utafiti," alimwambia, na sauti yake haikuwa na ukali, jambo lililoifanya iwe mbaya zaidi. "Gari linakuja kumchukua. Atalazwa, apunguziwe dawa kidogo kidogo. Ukiikatisha ghafla, kuanguka kunarudi kwa hasira."

Msusi alicheka. Ni kile kicheko cha mtu anayedhani mwenzake amekosea mstari kwenye mchezo.

"Ni kosa moja tu, Sista. Nimeomba radhi."

"Si suala la radhi. Hesabu ya mtoto huyu imeshaharibika. Tukimwacha, tutawadanganya watoto wote watakaokuja baada yake."

Msusi akageuka kumtazama Mshonaji. Watu waliokuwepo wanasema alimtazama kwa muda mrefu, kama anayemngoja mtu atoke bafuni. Alikuwa anangoja neno moja. Mchezo umeharibika, dada, tuseme ukweli.

Sista naye akamgeukia Mshonaji. "Na wewe? Kuna lingine lolote ninalopaswa kulijua kabla gari halijafika?"

Mshonaji alikuwa ameikumbatia ile chupa mpya kwa mikono miwili. Bondia alikuwa kando yake, amemshika gauni, kofia imekaa upande. Mama akamtazama mtoto. Akaitazama chupa. Kisha akatazama chini.

"Hakuna lingine, Sista," alisema. "Ni kama alivyokiri mwenyewe."

Akaingia kwake, akafunga mlango. Punde cherehani ikaanza kulia.

Mtaniuliza kwa nini Msusi hakuropoka palepale. Na mimi nitawauliza, nani angemsadiki? Amekiri wizi mbele ya ua mzima, na macho mekundu juu. Aliyejipaka masizi kwa mikono yake akisema ni mweupe, watu watamwomba kwanza akanawe. Halafu kulikuwa na Bondia. Akisema ukweli, na Bondia anatoka. Akinyamaza, anatoka Kijino peke yake. Alilipima hilo akiwa amesimama, likawa zito pande zote mbili, akaingia ndani akateremsha pazia.

Chumba cha Msusi kina dirisha moja, nalo limeelekea ukuta wa jirani wa nyuma, karibu kiasi cha kuugusa. Uani kulikuwa na watu, langoni kulikuwa na Bibi, na nje ya lango kulikuwa na gari njiani. Aliketi kitandani akafungasha nguo za Kijino, akafungua, akafungasha tena zilezile.

Kijino alikuwa sakafuni akipanga shanga za nywele za wateja kwa rangi. Alifika kwenye nyekundu, mkono ukabaki hewani. Macho yakaenda juu. Msusi alikuwa ameshamfikia kabla bega halijaanza kurukaruka. Alimlaza ubavu, akasogeza shanga mbali, akamwekea kanga chini ya kichwa, akakaa naye akimsemesha jina lake. Hakumtia kitu mdomoni, hilo alishafundishwa. Haikuchukua muda. Mtoto akapumua kwa nguvu, akafumbua macho, akauliza nyekundu ziko wapi.

"Ziko hapa, mama. Zote ziko hapa."

Na dozi ya jioni ilikuwa mkobani mwa Sista.

Msusi akamfunika, akaenda ukutani. Ukuta ule ni mwembamba. Ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakuombea afya. Akaugonga kwa kifundo cha kidole.

"Dada."

Cherehani iliendelea.

"Dada, najua unanisikia. Hushoni kitu hapo, hiyo ni kelele tu."

Cherehani ikapunguza mwendo.

"Sikuiti nikulaumu. Nina swali moja. Jioni utampa Bondia kutoka kwenye chupa mpya?"

"Nitampa." Sauti ilitoka ya mbali, kana kwamba ukuta umenenepa.

"Ina nini ndani?"

"Dawa."

"Nani kakwambia?"

"Si wewe ulikuwa unakuja kuiba kwangu kwa sababu yangu ndiyo..." Mshonaji alianza.

"Hayo tuliyatunga, dada," Msusi alisema. "Jikoni. Na mimi ndiye niliyekupangia maneno."

Cherehani ikasimama.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wasomaji. Uongo ulimnogea Mshonaji mpaka akaula mwenyewe. Aliusema kwa sauti, ua mzima ukauamini, Sista akamkabidhi chupa kama mwenye mali, naye akasahau kwamba wizi ule haukuwahi kutokea. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba chupa yake ndiyo yenye dawa. Walichokuwa wanakijua ni kwamba kati ya zile mbili, moja ni ya mafuta matupu. Sista alikuwa ameshalisema hilo asubuhi. Miezi yote hiyo watoto wawili walikuwa wanaegemea chupa moja, na akina mama hawakujua ni ipi.

Na sasa jagi halipo tena katikati.

Ikiwa chupa ile mpya ni tupu, basi jioni hii Bondia anakatishiwa dawa ghafla, nyumbani, bila mtu kujua. Kijino, mtoto wa mwizi, atakuwa kitandani hospitali, ana muuguzi wa kumtazama. Bondia, mtoto wa mshindi, atakuwa na kofia yake ya sponji tu. Na ikiwa si tupu, basi jioni hii anapata maradufu ya aliyoizoea, juu ya vidonge vyake vya kifafa vya zamani. Sista aliwaonya tangu mwanzo kwamba kipimo hakizidishwi kienyeji, kwamba usingizi unaweza kuwa mzito kupita kiasi na ini likaumia. Kila upande kuna shimo, na majibu ya maabara yatakuja siku ambayo swali limeshajijibu.

Pazia la Msusi likatikisika.

Mshonaji hakukatiza katikati ya ua. Alizunguka kwa nyuma ya jiko, amemshika Bondia mkono, na chini ya kanga kuna uvimbe wa chupa. Aliingia akasimama karibu na kabati, mahali ambapo mtu wa nje hawezi kumwona.

Walitazamana. Watoto hawakuwa na habari ya ugomvi wa watu wazima. Bondia alikwenda moja kwa moja kwa Kijino, akakaa, akaanza kuharibu mpangilio wa shanga.

Mshonaji alisema mengi kwa haraka na kwa kunong'ona. Kwamba alipomwona Sista anaitoa chupa ile, ulimi ulijifunga wenyewe. Kwamba si yeye aliyesema, ni woga. Kwamba wachanganye tena, sasa hivi, kama kawaida yao, jagi liko wapi.

"Nichanganye na nini?" Msusi aliuliza. "Yangu imechukuliwa."

Mshonaji aliuma kanga. Alitazama mlango, akatazama chini, akasogea karibu zaidi. Mkoba wa Sista, alisema, uko kwenye benchi. Sista mwenyewe anakwendakwenda langoni kuliangalia gari. Mle mkobani mna zile chupa mbili za zamani, na zote zina mchanganyiko wao, zingewatosha siku kadhaa. Tena zikipotea hazitapimwa, na hakuna atakayejua kitu.

"Basi nenda kazichukue," Msusi alisema.

"Mimi?" Mshonaji alishangaa kweli. "Wewe jina lako limeshachafuka, mwenzangu. Kuongeza moja hakutaonekana."

Bondia aliinua kichwa kutoka kwenye shanga.

Kisha Msusi akacheka, na safari hii kilikuwa kicheko chake hasa, kile kinachosikika mpaka barabarani. Alicheka mpaka akakaa kitandani akifuta machozi, na ajabu, Mshonaji naye akaanza kutabasamu bila kupenda, kama zamani. Halafu aliona kwamba machozi ya mwenzake hayakomi, tabasamu likamfia mdomoni.

"Nisikilize," Msusi alisema alipopata sauti. "Mimi nikiondoka na hilo gari, Bondia akianguka, hakuna mtu upande wa pili wa ukuta wa kukusaidia kumshika. Umelifikiria hilo?"

Mshonaji aliibana chupa chini ya kanga.

"Nimekesha naye nusu ya siku zote alizoanguka usiku. Namjua anavyoanza, mguu wa kushoto kwanza. Unataka nikae hospitali nikijiuliza ni leo ama kesho?"

"Nikisema ukweli wanamtoa na yeye."

"Wanamtoa. Na wanamlaza. Na anapunguziwa taratibu kama Kijino, kitanda kwa kitanda."

"Halafu?" Mshonaji aliuliza. "Baada ya hapo, halafu nini? Tunarudi kule tulikokuwa. Mimi kule sirudi. Nimeona mwanangu akitembea bila kofia. Sirudi."

Na Msusi mwenyewe hakutaka kurudi. Dawa yenyewe haiuzwi dukani. Bado inaulizwa kama ni dawa. Nje ya utafiti kuna yale mafuta ya vichochoroni ambayo hakuna anayejua yamebeba nini. Mlango wa kuipata ni mmoja tu, na kwa mikono yao wenyewe, kwa jagi safi na nia njema, walikuwa wameufunga.

Nje, honi ililia mara moja, mbali kidogo. Fundi Redio akatangaza kwamba ni gari la takataka, si lenyewe. Bibi Mwenye Nyumba akasema hata likiwa lenyewe litangoja aridhike.

Msusi aliinuka. Alimsogeza Bondia kwa goti, akatandika mkeka katikati ya chumba, akafunua sufuria ya maharage iliyokuwa imefunikwa tangu asubuhi. Alitenga sahani za watoto kwanza. Kisha akatenga nyingine, na nyingine, na nyingine tena.

Mshonaji alizihesabu kwa macho. Walikuwa watu wazima wawili.

"Unafanya nini?" alinong'ona.

Msusi alichukua birika na bakuli la kunawia, akaviweka kando ya mkeka. Mshonaji akaelewa, akalikimbilia pazia atoke kwa kule alikoingilia, lakini njia ilikuwa moja tu na Msusi alikuwa ameshasimama ndani yake. Chupa iliteleza chini ya kanga. Akaidaka kifuani kwa mikono miwili.

"Usinifanyie hivi," alisema. "Dada, nakuomba. Sema wewe. Sema lolote, nitaitikia."

"Nimeshakusemea leo," Msusi alijibu. "Inatosha."

Akalishika pazia, akalivuta lote mpaka mwisho wa kamba, mchana wote ukaingia chumbani. Fundi Redio akaona. Mteja mwenye nusu kichwa akaona. Bibi juu ya stuli yake aliinua shingo, naye akaona: mwizi na aliyeibiwa, chumba kimoja, watoto wao wanachezea shanga zilezile.

Sista alikuwa kwenye benchi, ameuweka mkono juu ya mkoba. Aliinua uso. Tangu aanze kuja katika nyumba hii hakuwahi kupokea hata glasi ya maji. Watu wa utafiti wamekatazwa kula kwa wanaowachunguza.

"Sista," Msusi aliita, "gari bado, na Bibi hafungui. Karibu ndani tule. Jirani yangu yuko hapa, ana neno lake, anataka ulisikie kutoka kinywani mwake."